Mbegu za Popi Nyuma ya Ukuta

Mama mkwe wangu namfahamu kwa sauti na kwa kanga zake. Uso wake nilikuwa sijawahi kuuona vizuri, ila kwa bahati mbaya, yeye akitokea jikoni nami nikitokea bombani, na kila mmoja akageuka alikotoka kama mtu aliyesahau kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Watu wakisikia wanacheka, wanasema mambo ya zamani hayo. Waache wacheke. Mimi nimezaliwa Kigera, naoka mikate Nyakato, simu yangu ina kila kitu, lakini mama mkwe akikohoa sebuleni nabaki chumbani hata kama unga unaumuka na kumwagika.

Tatizo ni kwamba watu wakiishi nyumba moja lazima waambiane mambo, na alipokuja kutoka Butiama kutusaidia kumlea binti yetu, tukajipatia njia. Nikiwa na neno kwa mama mkwe, namwambia mke wangu kwa sauti kubwa. "Mama! Leo umeme utakatika!" Mke wangu amekaa pembeni yangu, magoti yetu yanagusana, lakini napaza sauti mpaka ukuta usikie. Upande wa pili mama mkwe anakohoa mara moja, maana yake amesikia. Naye akitaka kitu anamwambia mtoto, ambaye hata neno maji lilikuwa bado linamshinda. "Mwambie baba yako bawaba ya mlango imelegea." Nami naikaza bawaba. Kwa mwendo huo tuliishi vizuri, na kila mtu alikuwa akinisifia mama mkwe wangu alivyo mchapakazi. Mimi naamka alfajiri kabisa kuwasha tanuri, na sijawahi kuamka nikakuta yeye bado. Jiko lake lilikuwa limeshawaka, sufuria imeshachemka, na mwenyewe ameshajificha.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Mke wangu ananiita Je Ikitokea. Mtoto akipiga chafya, mimi nimeshatafuta ufunguo wa pikipiki.

Sasa, nina mteja wangu mmoja, mpishi wa hoteli ya watalii upande wa Bunda. Siku moja alikuja na chupa ya kioo imejaa mbegu nyeupe, ndogo ndogo, ukizitazama haraka utasema ni mbegu za mchicha. Akataka nimwokee skonzi, nizipake yai juu, kisha ninyunyize hizo mbegu. Nikamuuliza zinaitwaje. "Popi," akasema. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta, kwa sababu Popi ni jina la mbwa wa jirani yetu.

Mpishi hakukasirika. Alinionjesha kidogo, zikanijaa mdomoni na ladha ya karanga iliyokaangwa vizuri. Akanieleza kwamba alikojifunzia kazi husagwa zikatiwa kwenye mchuzi ili uwe mzito, na kwamba zina mafuta mazuri na madini ya mifupa. Halafu akasema, akiwa ameshashika mlango, kuwa wako wanaozichemsha na maziwa wakikosa usingizi.

Jioni ile nikamsimulia mke wangu yote. Nilikuwa na furaha ya oda mpya, na sauti yangu ya nyumbani ilikuwa imeshazoea kuwa kubwa. "Zipo pale kabatini!" nikasema. "Ni chakula kizuri sana! Tena aliyekosa usingizi anachemsha na maziwa, analala!" Upande wa pili mama mkwe akakohoa, nami nikaendelea na yangu.

Wiki iliyofuata mke wangu, ambaye ni mwalimu, aliitwa semina Bunda. Binti yake akiondoka, mama mkwe hawezi kubaki chini ya paa moja na mimi peke yetu, kwa hiyo asubuhi hiyo hiyo alifunga mizigo, akambeba mjukuu mgongoni, akarudi kwake Butiama. Alibeba na mfuko wa unga wa lishe wa kumpikia mtoto uji. Yeye na mke wangu walikuwa wameusaga siku moja kabla ya safari, ulezi, mahindi, karanga, na mchicha lishe, ile mbegu nyeupe ya mchicha ambayo siku hizi kila mama anaambiwa kliniki amchanganyie mtoto.

Nyumba ikawa kimya. Nikalala kama mfalme. Hata ujumbe uliokuja ulinipendeza. Simu ya mama mkwe yeye huitumia kupokea tu, kwa hiyo habari hutuletea mama mmoja jirani yake, na huyo alimwandikia mke wangu, mke wangu akanitumia mimi: "Huku wazima. Siku hizi analala mpaka jua linapanda, tumshukuru Mungu." Mke wangu akaongeza maneno yake chini: "Unaona? Hewa ya huko." Binti yetu alikuwa hajawahi kulala mpaka jua lipande tangu azaliwe. Nilimshukuru Mungu kama nilivyoambiwa.

Kesho yake asubuhi nikafungua kabati kutoa mbegu za skonzi. Chupa ilikuwa imebaki nusu.

Mwanzoni nilidhani nimezimwaga mwenyewe. Nikaangalia chini, nikaangalia rafu. Na pale kwenye rafu, nyuma ya chumvi, nikauona mfuko wa mchicha lishe, umefungwa fundo vile vile ulivyotoka sokoni. Hakuna aliyeugusa. Nilisimama na ule mfuko mkono mmoja na ile chupa mkono mwingine. Mbegu nyeupe kwa mbegu nyeupe. Wamechanganya. Wamesaga popi kwenye uji wa mtoto, na mtoto siku hizi analala mpaka jua linapanda.

Nilikaa juu ya gunia la ngano nikafungua simu. Nikaandika popi. Zikaja picha za maua mekundu. Nikasoma kidogo, nikakutana na neno mpopi, kisha afyuni, kisha kasumba. Nilizubaa. Neno kasumba mimi nilikuwa nalijua tangu shuleni, mwalimu wa siasa alikuwa halitoi mdomoni, kasumba ya kikoloni, kasumba ya kudharau vya kwetu. Nilikua nikidhani ni ugonjwa wa fikra tu. Kumbe kasumba kabla ya kuwa fikra ni utomvu, unatoka kwenye tunda bichi la mmea huo huo, na watu wanalewa nao, na wengine hawaamki.

Nikampigia mpishi. Alianza kunitania kuhusu skonzi, nikamkatiza, nikamuuliza mtoto akila itakuwaje. Utani ukaisha.

"Mtoto wa umri gani?"

Nikamwambia.

"Hapana, kaka. Mtoto mdogo hapewi. Juu ya mkate hazina shida, kwanza ni chache, pili zimepita motoni. Mbegu yenyewe haina ulevi. Ila ule utomvu wa tunda huwa unagandia juu yake wakati wa kuvuna, na wewe huwezi kujua umegandia kiasi gani. Zinaoshwa, zinapikwa, unapungua. Anayechota nyingi akazichemsha akanywa na maji yake, huyo anacheza na pumzi yake. Zimeliwa kiasi gani?"

"Nusu chupa."

"Kaka, nenda kamwangalie mtoto."

Nilimpigia mke wangu, simu imezimwa, yuko darasani. Nikampigia yule jirani wa Butiama, hapatikani. Ikabaki simu moja. Namba ya mama mkwe ninayo kwa miaka yote hii na nilikuwa sijawahi kuipiga. Niliipiga. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Nikapiga tena. Nilijiona najua kinachotokea kule, na nikitafakari sasa naweza kucheka, ila asubuhi ile nililia kwa hasira: simu imeita, jina langu limetokea, na yule mama kwa adabu yake yote ameifunika na kanga ili asinisikie. Hata mimi nisingepokea. Nilimlaani yeye, nikajilaani mimi, nikalaani na adabu yenyewe.

Tanuri nililiacha linawaka, nikamwita fundi wa jirani alizime. Nikachukua pikipiki. Njiani sikumbuki kitu ila Makutano, pale unapoiacha lami ya Bunda na kuingia ya Butiama. Nilisimama nikapiga tena. Ikaita tena mpaka mwisho. Nilikuwa nimekwisha kumwona binti yangu akilini amelazwa kwenye mkeka na watu wamekaa kimya kuzunguka. Nilisema kwa sauti, peke yangu barabarani, "Mungu, chukua chochote."

Nilipoingia uani kwa mama mkwe, mtu wa kwanza kumwona alikuwa binti yangu. Amekaa kwenye udongo, mkononi ana kipande cha muhogo, uso umejaa vumbi. Kuniona tu akapiga kelele akaanza kutambaa kwa kasi kuja kwangu. Nilimnyanyua. Nikamfungua macho kwa vidole, nikamnusa mdomo, akaanza kulia kwa sauti yote aliyopewa, na mimi nikalia naye.

Yule mama jirani alikuwa anaanika udaga, mihogo iliyovundikwa, kwenye mkeka. Akasimama ananishangaa.

"Mkwe wetu, kuna nini? Mbona unalia na kofia ya pikipiki kichwani?"

"Shikamoo mama. Huyu mtoto anakula nini?"

"Marahaba. Uji wake. Ule unga mliompa."

"Na usiku analalaje?"

"Huyu?" Akacheka. "Huyu halalagi huyu! Usiku kucha ni kuimbiwa tu."

"Si uliandika analala mpaka jua linapanda?"

"Bibi yake, mkwe! Nilikuwa namsema bibi yake. Mama yetu alikuwaga halali, ni muda mrefu sasa, tangu mzee afariki. Karudi safari hii, analala mpaka raha. Nikaona niwape habari njema."

Analala. Neno moja, na hakuna pa kujua ni nani, mtoto au mtu mzima. Nilikuwa nimeendesha pikipiki njia nzima kwa ajili ya ile a ya mwanzo, na nilikuwa nimeielewa vibaya.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Ndani. Bado amelala."

Jua lilikuwa limeshapanda kabisa, udaga ulikuwa umeanza kukauka juu juu. Nilimkabidhi jirani mtoto, nikaenda mpaka mlangoni. Nikaita, "Mama." Kimya. Nikaita tena kwa ile sauti yangu ya ukutani. Hakuna kikohozi. Nyuma yangu jirani alikuwa anasema, "Mwache mkwe, mwache mama wa watu apumzike," na miguu yangu ilikuwa imegoma kwenye kizingiti kana kwamba kuna mtu ameishika. Nilikuwa nimekuja na hofu moja, na sasa nilikuwa na nyingine iliyozidi ile, kwa sababu huyu hakuna aliyekuwa akimwogopea.

Nikaingia.

Alikuwa amelala ubavu kitandani, kanga imeteleza. Nikauona uso wake. Ni uso wa mke wangu, ule ule, ila umechoka. Mashimo chini ya macho yalikuwa meusi, ya mtu ambaye hajalala miaka. Alikuwa anapumua, taratibu mno kwa roho yangu, pumzi inaingia, inakaa, ndipo inatoka. Pembeni ya kitanda palikuwa na kikombe chenye ukoko wa maziwa, na chini yake mbegu nyeupe zimeganda, na karibu na kikombe kuna karatasi ya vidonge. Nilimshika bega, mimi, nilimshika bega mama mkwe wangu, nikamtikisa.

Alichelewa kufungua macho. Alipoyafungua yakatulia usoni mwangu kwa muda, mazito, hayaamini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

Ndipo akili ikamrudia, akajifunika kanga mpaka kichwani, nami nikatoka kinyumenyume nikajigonga kwenye mlango. Nikasimama nje nimegeukia ukuta. Nikasubiri amwite mtoto ampe maneno, kama siku zote. Hakuita mtoto.

"Baba," akasema kutoka ndani, ulimi wake mzito. "Nimekosea nini?"

"Mama, zile mbegu za kwenye chupa."

"Si ulinipa mwenyewe?"

Nilitaka kugeuka, nikajizuia, nikabaki nimeutazama ukuta.

"Ulisema kwa sauti. Ziko kabatini, aliyekosa usingizi achemshe na maziwa. Nikasema huyu mkwe Mungu ambariki, kumbe anajua silalagi. Nikakohoa kukushukuru. Nikachukua nusu, nikakuachia nusu."

Niliegemea ule ukuta. Nilitaka kumwambia sikujua, mama, nilikuwa najisifia oda tu. Nashukuru sikusema. Nikamuuliza anachemsha kiasi gani, akasema mwanzoni kijiko, sasa anakamata konzi, kiganja kizima, maana kijiko kimeacha kufanya kazi. Anakunywa yote, mbegu na maziwa. Na vile vidonge ni vya goti, alipewa na mtu, vya maumivu makali.

"Na kwangu, mama, tangu umekuja kwangu, ulikuwa hulali?"

Kitanda kikalia, akawa anaketi.

"Kwako nilikuwa naamka kabla yako, baba. Wewe unapitaga jikoni, pale ninapolala, kwenda kwenye tanuri yako. Sasa ukinikuta nimelala pale njiani, si aibu? Nikawa nakaa tu macho nikusikilize."

Miezi yote ile. Nilikuwa nawasimulia watu jinsi mama mkwe wangu alivyo mchapakazi.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini kwenye pikipiki yangu asingepanda, hilo hata sikulisema. Tulikwenda kwa miguu. Mimi nilitangulia na mtoto begani, yeye nyuma ameshikwa mkono na jirani. Kugeuka sikuweza, na kuvumilia kimya nyuma yangu sikuweza vilevile. Tulipofika kwenye kona nikahisi hatua zake zimepungua, nikasema mbele mbele, "Mama, kohoa." Akakohoa. Tukaenda. Kila kimya kikizidi nasema kohoa, naye anakohoa, na watu tuliopishana nao walifikiri nampeleka mgonjwa wa kifua.

Muuguzi alimhesabia pumzi, akampima presha, akasoma ile karatasi ya vidonge na uso wake ukabadilika. Mbegu peke yake zilikuwa mbaya, akasema, lakini mbegu zilizochemshwa juu ya vidonge vile, vyote viwili vinaiambia pumzi ipunguze mwendo, na mwili wa mtu mzima unaweza kutii. Halafu akageuka kwangu. Na ile ya kuongeza kutoka kijiko hadi konzi, akaniambia, ndiyo njia ya mwili kuzoea, na mwili ukizoea haushibi. Alimlaza chini ya uangalizi mpaka alasiri. Mimi nilikaa kwenye benchi nje ya dirisha, mahali ambapo nasikia bila kuona. Uoga ulikuwa umenijaa mpaka kwenye meno. Mke wangu alipowasha simu na kusikia, alianza kucheka, akasema mchicha lishe walinunua mifuko miwili na wakasaga mmoja, kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Kwa nini hakuniambia mimi?" Nikamwambia sijui. Nadhani hakutaka binti yake ajue kuwa kitanda cha marehemu baba yake kinamtisha mama yake.

Alitoka salama. Mbegu zilizobaki kwake nilizitumbukiza chooni kwa mkono wangu. Nusu iliyobaki kwangu nilimrudishia mpishi, na skonzi zake sasa naziwekea ufuta. Vidonge vya goti alipewa vingine, vya kituoni. Nyumbani Nyakato nimetoboa mlango upande wa nyuma, siku hizi naenda kwenye tanuri bila kupita jikoni, na habari hiyo nimeitangaza kwa sauti kwenye simu ya mke wangu ili ifike Butiama. Mtoto yuko nasi, mama mkwe bado hajarudi. Anasema atarudi.

Kila asubuhi, mikate ikishaingia motoni, nampigia. Siku za mwanzo ilikuwa inaita mpaka mwisho, nami napiga tena, maana wasiwasi wangu hauna adabu. Kisha akaanza kupokea. Hasemi. Namwambia mtoto hajambo, namwambia mvua imenyesha au haijanyesha, naye anakohoa mara moja, tunakata. Kwangu kile kikohozi kinatosha, nakipokea kama mtu anayepokea mshahara. Nilikuwa nimeshakubali kwamba kitakuwa hicho hicho tu mpaka mwisho wa maisha yetu.

Jana nilipiga, nikasema ya mtoto, nikasema ya mvua, nikangoja. Hakukohoa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki kwa mkono mwingine.

"Nimelala, baba," akasema. "Usiku huu nimelala."